Malkia akipewa chanjo, majana yanapona vipi? Jibu kwa mfugaji wa Sikonge

Kuna mfugaji wa nyuki yuko Sikonge kule Tabora kaniandikia swali, nimeona nilijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna maswali kama matatu yamebebana mgongoni. Kwa kifupi anasema hivi: amesikia Marekani kuna chanjo ya nyuki, anayepewa ni malkia lakini wanaopata kinga ni watoto wake, na yeye shuleni alifundishwa kwamba wadudu hawana kingamwili kama sisi, sasa hiyo kinga inarithishwa kwa njia gani? Halafu anaongeza, na hapa ndo chai yangu ilipopoa: "mzinga wangu mmoja una majana yaliyooza, je naweza kuyachukua nikayachemsha nikachanganya na maji ya sukari nikawawekea nyuki wa mizinga mingine ili nao wapate kinga?" (Majana ni watoto wa nyuki wakiwa bado mabuu ndani ya sega.)

Ndugu yangu, naanza na hilo la mwisho kabla hujawasha jiko. USIFANYE. Hata kidogo, hata kwa mzinga mmoja wa kujaribia. Kama hayo majana yamekufa kwa ule ugonjwa ambao chanjo imetengenezwa kwa ajili yake, yaani kuoza majana aina ya Kimarekani (bakteria wake anaitwa Paenibacillus larvae), basi kuchemsha kwenye sufuria hakukusaidii, maana huyo bakteria akiishiwa chakula anajifungia ndani ya spora, kama mbegu yenye ganda gumu, na hiyo spora inavumilia maji ya moto, inavumilia ukame, inakaa kwenye mbao za mzinga mkavu miaka 35 na zaidi ikisubiri. Jana moja likifa linaweza kuwa na spora mpaka bilioni 2.5. Sasa we chukua majana kumi, koroga kwenye sukari, gawa kwa mizinga yote: hapo hujachanja, umesambaza ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Wazo lako lakini si la kijinga, nataka ujue hivo, kimantiki liko karibu sana na walichofanya wenye chanjo, tofauti ni kwamba wao wanatumia bakteria waliokuzwa kiwandani na kuuliwa kwa uhakika, wakapimwa kwamba hakuna aliyebaki hai, na jiko lako haliwezi kukupa uhakika huo.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe.

Ulichofundishwa shuleni ni sahihi. Mdudu hana antibodi, yaani hizo kingamwili ulizozitaja, hana zile seli za damu zetu zinazomkumbuka adui mmoja mmoja kwa jina lake. Alichonacho ni kinga ya kuzaliwa nayo tu. Ukitaka kuiona kwa macho chukua buu la nondo wa nta, yale manene meupe yanayokula masega yaliyoachwa (naamini unayo mengi kuliko unavyotaka), lichome kidogo na ncha ya sindano, uliache. Baada ya muda pale ulipochoma panakuwa peusi. Huo weusi ni melanini, mwili wa buu umeziba kidonda na kumfungia ndani mdudu yeyote aliyeingia, ni kama kumwagia zege juu ya mwizi. Mbali na hiyo kuna chembe za damu zinazomeza bakteria, na kuna vijiprotini vidogo vinavyotoboa bakteria mpaka anakufa, kwa nyuki vinaitwa defensini, abaesini, himenoptesini na kadhalika. Vijiprotini vya namna hii viligunduliwa kwa nondo mmoja mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na timu ya Hans Boman kule Sweden, na Jules Hoffmann aliyeonyesha jinsi nzi anavyoiwasha hiyo mitambo akapata Nobel mwaka 2011. Kwa hiyo usiwadharau, kinga wanayo, tena kali. Kilichokuwa kinaaminika kwa miaka mingi ni kwamba haina kumbukumbu: mdudu akiugua leo, kesho anaanza upya, na mtoto wake ndo kabisa hajui kitu.

Hiyo imani ndo imevunjika.

Waliofungua mlango, pamoja na wengine, ni watu wa Zurich, Uswisi, kundi la Paul Schmid-Hempel, waliokuwa wanafanya kazi na nyuki bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya wa nchi za baridi. Mwaka 2005 Ben Sadd na wenzake walichukua malkia wakawadunga bakteria waliokwisha kuuliwa kwa joto, yaani bakteria asiyeweza kumwambukiza mtu wala nyuki, ni maiti tu. Malkia wengine hawakupewa huyo bakteria. Wakawaacha wote watage na kujenga familia zao. Walipokuja kupima damu ya wale vibarua (nyuki watenda kazi) waliozaliwa, watoto wa malkia waliodungwa walikuwa na nguvu kubwa zaidi ya kuua bakteria, na hao watoto hawajawahi kukutana na bakteria yeyote wa kudungwa maisha yao yote. Kazi yao ya 2007 ikaonyesha kwamba njia ni yai lenyewe. Kitu fulani kinapita ndani ya yai.

Kitu gani sasa? Hapo ilichukua muda, na jibu lilipokuja lilikuja kwa nyuki wetu hawa wa asali. Mwaka 2015 Heli Salmela, Gro Amdam na Dalial Freitak walichapisha kazi ambayo mi binafsi naiona ni moja ya kazi nzuri sana kwenye taaluma hii, kwa sababu ni rahisi. Kuna protini inaitwa vitelojenini. Ndo protini ya kiini cha yai, karibu kila mnyama anayetaga ana ya kwake, mpaka kuku wako. Inatengenezwa kwenye mafuta ya mwili wa malkia, inaingia kwenye damu, inasafiri mpaka kwenye ovari, yai linaivuta ndani liwe chakula cha kiinitete. Wao wakajiuliza, je, huyu mpagazi anaweza kuwa anabeba na mzigo mwingine njiani? Wakajaribu, wakakuta vitelojenini inang'ang'ania vipande vya ukuta wa bakteria, inashikamana navyo vizuri tu, akiwemo huyo huyo Paenibacillus larvae anayeozesha majana. Halafu wakachukua vipande vya bakteria wakavitia rangi inayong'aa, wakaviweka pamoja na ovari za malkia: bila vitelojenini vile vipande vinabaki nje, ukiongeza vitelojenini unaviona vinang'aa ndani ya mayai. Basi. Mpagazi kakamatwa na mzigo mkononi.

Kwa hiyo elewa vizuri ni nini kinachorithishwa, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. We ni mtu wa Tabora, ng'ombe unawajua. Ndama akizaliwa unahakikisha ananyonya dang'a, na ukimnyima dang'a siku ya kwanza unajua kitakachompata. Ndani ya dang'a kuna antibodi zilizokamilika, mama kawatengeneza askari na kawatuma kwa mtoto wakiwa na silaha. Kwa nyuki sivyo. Malkia hatumi askari, askari wa namna hiyo hana. Anachotuma ni vipande vya adui mwenyewe, vya adui aliyekwisha kufa, ni kama ile picha ya mtu anayetafutwa inavyobandikwa ukutani kituo cha polisi. Kiinitete kinakua kikiwa tayari kimeguswa na harufu ya huyo bakteria, mitambo yake ya kinga inawashwa mapema, na akitoka kwenye yai baada ya siku tatu anakuwa hajalala usingizi. Jeni zake hazijabadilika hata moja.

Na huo muda una maana kubwa, sikiliza. Huu ugonjwa wa kuoza majana unamwambukiza jana mchanga sana, siku mbili za mwanzo baada ya kutoka kwenye yai, na spora chache mno, kama kumi hivi, zinatosha kumuua. Akipita umri huo hata akila spora hapati tabu. Nyuki mkubwa ndo kabisa, anabeba spora mdomoni anapita nazo huku na huku na haumwi. Kwa hiyo huna nafasi ya kumchanja mtoto, ukisema umsubiri atoke kwenye yai ndo umpe dawa umeshachelewa. Nafasi pekee iliyopo ni kumfikia akiwa bado yuko tumboni kwa mama yake.

Lakini malkia naye hali chakula cha kuokota. Umeshawahi kumwangalia malkia akila? Amezungukwa na wasaidizi wake kama wanane au kumi wamemwelekezea vichwa, wanamlisha mdomoni yale maziwa wanayotoa kwenye tezi za kichwani mwao, royal jeli. Kwa hiyo ukiweka kitu kwenye chakula cha mzinga kinaanza kwa kibarua, kinatoka tumboni mwake kinahamia kwenye tezi, kinaingia kwenye maziwa, maziwa yanamfikia malkia, kutoka kwa malkia kinaenda kwenye yai. Hili nalo limeonyeshwa, mwaka 2021 Gyan Harwood na wenzake waliwalisha nyuki walezi vipande vya bakteria wakavikuta baadaye ndani ya royal jeli waliyoitoa. Ukifikiria maana yake ni kwamba nyuki walikuwa wanachanjana wenyewe kwa wenyewe miaka mamilioni kabla hatujajua neno chanjo: kibarua anakula chavua yenye bakteria, anaisaga, vipande vinapanda mpaka kwa malkia na vinashuka kwenye mayai, mzinga mzima unaambiana nini kiko nje mwezi huu. Na madume nao wamo, tena wao kila walichonacho kimetoka kwa mama tu maana dume anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, baba hana.

Tukigusa habari ya baba, huwezi kuamini hili. Kuna wale wadudu wekundu wadogo wa kwenye unga (sisemi dumuzi, yule Scania aliyekuja kuharibu mahindi huko huko kwenu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80, namaanisha wale wekundu wembamba unaowakuta ukichekecha unga uliokaa). Wajerumani na Waswisi, Olivia Roth na Joachim Kurtz na wenzao, mwaka 2010 waliwadunga madume bakteria waliokufa, wakawapandisha kwa majike ambayo hayajaguswa, na watoto waliozaliwa wakavumilia maambukizi kuliko watoto wa madume wengine. Baba hana kiini cha yai cha kuwekea mzigo! Anachotoa ni mbegu na majimaji yake basi. Kwa hiyo ile njia ya vitelojenini haiwezi kuwa ndo njia pekee, na wataalamu bado wanabishana kama ni majimaji ya dume au ni alama zinazowekwa juu ya jeni kwenye mbegu. Mi naegemea kwamba kuna njia zaidi ya moja na kila mdudu ana ya kwake.

Maana si kila mdudu anafanya hivi, naomba usiondoke hapa ukawaambia watu kwamba wadudu wote wanarithisha kinga. Mwaka 2008 walijaribu kwa mbu wa homa ya manjano, Aedes aegypti, wakaamsha ile kinga ya weusi kwa mama, watoto hawakupata kitu. Kwa wale mende wa unga wakubwa, wanaofugwa kulishia ndege na samaki, mwaka 2015 ilionekana mama anayalinda mayai yake dhidi ya kundi moja la bakteria tu, wale wanaoitwa Gramu chanya, hata ukimdunga mama kundi la pili, mayai hayapati ulinzi dhidi ya hilo kundi la pili. Kwa nini achague? Inawezekana ni kwa sababu hao ndo wanaodumu mazingira yale yale kizazi hadi kizazi, mtoto ana uwezekano wa kukutana na adui yule yule wa mama. Spora ya miaka 35 kwenye ubao wa mzinga inaingia vizuri kwenye hesabu hiyo.

Halafu kinga si bure. Hili watu wa matangazo hawalisemi. Wale wale watu wa nyuki bambi, mwaka 2009, walirudi wakawaangalia watoto wa malkia waliodungwa, safari hii wakawapa mdudu mwingine kabisa, kimelea cha tumboni kinaitwa Crithidia bombi ambacho si bakteria. Watoto waliokuwa wamejiandaa kwa bakteria wakaambukizwa kirahisi kuliko wenzao! Mama kawaambia jihadharini na mlango wa mbele, wote wakaenda mbele, mwizi akapita dirishani. Ndo maana nasema mzinga hauna faida ya kukaa umewashwa kinga saa zote, na ndo maana asili imeiacha hii kinga iwe ya kuwashwa pale mama anapokutana na tatizo tu, ikazimika tatizo likiisha.

Sasa kuna jamaa yangu nilimsomea rasimu ya jibu hili akasema "ah, kumbe ndo ile ya mbu kuzoea dawa ya chandarua". Hapana, hiyo ni kitu kingine kabisa na naomba tuitenganishe. Mbu kuwa sugu kwa dawa ni jeni. Kuna badiliko dogo kwenye jeni linaitwa kdr, la upande wetu wa mashariki lilielezwa mwaka 2000 kwa mbu wa Kenya: dawa inaua wasiokuwa nalo, wenye nalo wanabaki wanazaana, baada ya miaka kijiji kizima cha mbu ni wao. Hapo hakuna mbu aliyejifunza kitu wala aliyemwambia mtoto wake kitu, waliokufa wamekufa. Kinga ya nyuki tunayoizungumza hapa ni kinyume: malkia yule yule mwenye jeni zile zile, watoto wa mwezi huu wanaweza kuwa nayo na wa mwezi wa nane wasiwe nayo, inategemea alikula nini.

Na kuna namna ya tatu ya mama mdudu kumlinda mtoto, ambayo ni ya huku kwetu nikaona nisiiache. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wanaofanya kazi pande za Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, waliandika mwaka 2020 kuhusu kijidudu wanachokiita Microsporidia MB kinachoishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis. Mbu mwenye nacho hashiki vimelea vya malaria, na mama anakipitisha kwenye mayai yake. Hapo mama harithishi jeni wala hatumi picha ya adui, anamwachia mwanae mlinzi aliye hai. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mdudu karithi kinga" muulize kwanza, karithi nini hasa? Jeni, kipande cha bakteria aliyekufa, au mpangaji aliye hai? Majibu yake yanaenda njia tofauti kabisa.

Haya, chanjo yenyewe. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliipa kampuni ya Dalan Animal Health ya jimbo la Georgia leseni ya masharti, ikatangazwa Januari 2023, na ndiyo chanjo ya kwanza duniani ya mdudu. Dalial Freitak niliyemtaja juu ni mmoja wa waanzilishi wa hiyo kampuni, kwa hiyo ni utafiti ule ule umevaa koti la biashara. Hakuna sindano. Ni bakteria waliouliwa wanachanganywa kwenye sukari laini iliyokandwa, malkia anawekwa kwenye kijitundu chake pamoja na wasaidizi, wanakula ile sukari kwa siku kadhaa, wanamlisha, kisha anaachiwa mzingani aendelee kutaga. Kwenye majaribio yaliyochapishwa 2022 majana ya malkia waliochanjwa yalipopewa spora yalipona zaidi, kati ya asilimia 30 na 50 zaidi ya wengine. Soma hiyo namba kwa utulivu. Ni nzuri, tena nzuri sana kwa ugonjwa ambao dawa yake kubwa mpaka leo ni kiberiti, maana antibayotiki zinaua bakteria aliyeamka lakini spora haziigusi, ndo maana mizinga inachomwa moto shimoni na masega yake. Ila si ukuta. Majana mengine bado yanakufa.

Swali linalobaki ni kama itakufaa wewe, na hapa nitakuwa mkweli: kwa ufugaji ulionao sidhani, na sababu si bei. Mmarekani ananunua malkia. Anatumiwa kwa posta, yuko kwenye kijitundu, na hicho kijitundu siku zote kimezibwa kwa kipande cha sukari, kwa hiyo kumpa chanjo ni kubadilisha ile sukari tu, mlango ulikuwa wazi tayari. Wewe malkia wako humnunui. Umetundika mzinga wa gogo au wa vijiti vya juu kwenye mti porini, umepaka nta, kundi limekuja lenyewe limeingia. Hujui malkia ametoka wapi, hujawahi kumshika, na nyuki wetu hawa wakikerwa kidogo, moto, siafu, au mtu kuvuna kwa pupa, wanahama wote na malkia wao, umechanja umechanjia pori. Chanjo ya namna hii inamtaka malkia unayemjua na anayekaa.

Halafu bado hatujui kama ugonjwa ulionao ndo huo. Upande huu wa Afrika mlipuko uliojulikana sana ni wa Afrika Kusini, Western Cape, 2009. Majana yanaoza kwa sababu nyingi. Kuna kuoza majana aina ya Kiulaya ambako kunasababishwa na bakteria mwingine, hapo majana mengi yanakufa kabla vyumba havijafunikwa, yanajikunja vibaya yanakuwa ya manjano. Kuna majana yanayokufa kwa baridi tu nyuki wakipungua. Kuna nondo wa nta. Kwa hiyo fanya hivi: fungua jioni kama kawaida na moshi wako, toa sega la majana, angalia vyumba vilivyofunikwa. Vyenye afya vifuniko vimetuna kidogo na vimekauka. Ukiona vifuniko vimezama ndani, vina giza giza kama vimelowa mafuta, na vingine vina kitobo kisicho katikati, chukua kijiti cha kiberiti, kiingize humo, koroga taratibu, kivute nje. Kama kinachotoka kinavutika kama mlenda, uzi wa kahawia unafika sentimita mbili au zaidi kabla haujakatika, na kuna harufu ya gundi ya moto, funga mzinga, usihamishe hata sega moja, kijiti kichome hapo hapo, nawa mikono na uoshe kisu kabla hujagusa mzinga wa pili, na nenda kwa afisa nyuki wa wilaya siku hiyo hiyo. Kama kinatoka maji maji au kinakatika hapo hapo, pumua kidogo, ila kamuone tu.

Mzinga wa zamani usinunue kwa mtu usiyemjua. Asali ya dukani usiwape nyuki kama chakula, hata kama ni nzuri kwako, spora zinasafiri ndani ya asali na nyuki wa mbali ana magonjwa ya mbali.

Kitu kimoja unachoweza kufanya leo kinachohusiana moja kwa moja na hii kinga ya kurithi ni chakula, na si sukari. Vitelojenini ni protini, na protini ya nyuki inatoka kwenye chavua, hakuna pengine. Nyuki wakikosa chavua vitelojenini inashuka, wapagazi wanapungua, mzigo unabaki njiani. Kwa hiyo ukivuna usikate mpaka masega yenye chavua na majana kama wengi wanavyofanya, lile sega lenye rangi rangi ya njano na kahawia lililo karibu na majana liache palepale, asali yake utaipata sega la pembeni. Na ile miti ya miombo iliyo jirani na mizinga yako yule mchoma mkaa asiifikie, sijui utaongea naye vipi, lakini hayo ndo maghala ya protini ya mzinga wako.

Ukishafanya lile jaribio la kijiti niandikie uzi ulifika wapi kabla haujakatika. Na kama una simu yenye kamera nzuri piga picha ya sega kabla hujakoroga, jua likiwa nyuma yako na sega umelilaza kidogo ili nione ukuta wa chini wa vyumba, maana jana lililokauka kwa ugonjwa huu linaganda pale chini kama ganda jeusi, ukijaribu kulibandua na ncha ya kisu halitoki.